Basi liliondoka kwa saa ya jua

Juni mwaka jana nilikata tiketi ya kwenda Dar nikapewa kikaratasi kimeandikwa kuripoti 11:30. Mimi kazini kutwa nzima niko na kompyuta, ankara zote zinaingia kwa saa za kompyuta, kwa hiyo 11:30 kichwani kwangu ni saa tano na nusu asubuhi basi, nikalala zangu vizuri, nikaamka nikanywa chai na mihogo, nikapanda daladala mbili kutoka Igombe mpaka stendi ya Nyegezi hapahapa Mwanza, nikafika saa tano na dakika ishirini najiona mtu makini kweli. Kumbe wale jamaa (siwataji, tumeshasameheana) waliandika 11:30 wakimaanisha saa kumi na moja na nusu alfajiri. Dada wa dirishani akaiangalia tiketi, akaniangalia mimi, akaniangalia na begi, akasema "kaka, basi lako saa hizi lishapita Nzega."

Nikarudi nyumbani na begi langu. Baba alikuwa kakaa nje kwenye kiti chake cha kamba, nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi limeondoka kwa saa ya jua, wewe umeenda kwa saa ya simu."

Likizo ilishaanza, nauli imeliwa, safari imesogezwa siku tatu mbele, sina la kufanya. Ndiyo nikaanza kuwaza haya mambo. Kama namba ileile 11:30 inaweza kuwa giza na inaweza kuwa jua kali, na wote wawili tuko sahihi kabisa, hivi huu muda wenyewe upo kweli au ni kitu tumekubaliana tu kama tunavyokubaliana kwamba karatasi ya elfu kumi ni pesa?

Nianze na saa yetu maana watu wengi wanaidharau, wanaona kama ni ushamba, eti saa "ya Kiswahili" dhidi ya saa "yenyewe". Aisee. Huku karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima, Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini, kwa hiyo kuanza kuhesabu saa jua likitoka ni akili kabisa, saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, imeisha. Waethiopia nao wanahesabu hivihivi. Anayetakiwa kujieleza ni yule anayeanza siku yake usiku wa manane watu wamelala, jogoo wamelala, hata mbwa wamelala, halafu anasema "sasa ni siku mpya". Mpya kivipi wakati hakuna kilichobadilika?

Basi siku ya kwanza ya kukaa bure nikachukua kijiti cha kama mita moja nikakisimika uani, nikawa kila baada ya dakika kumi naweka kokoto pale kivuli kinapoishia. Nilitaka kujua saa sita ya jua ni saa ngapi kwenye simu. Mama mdogo akapita na ndoo akauliza natega nini, nikamwambia natega saa, akaenda zake. Ilikuwa katikati ya Juni, jua limeenda kaskazini, kivuli kimelala kusini karibu nusu mita, kinafupika kinafupika, simu ikafika saa sita kamili kivuli bado kinafupika, saa sita na robo bado, saa sita na nusu bado, mpaka kwenye saa saba kasoro dakika kama kumi na mbili ndiyo kikagoma kufupika na kuanza kurefuka upande wa pili. Ile ndiyo saa sita ya kweli ya Igombe. Simu yangu ilikuwa inadanganya kwa dakika 48!

Haidanganyi yenyewe, tumeiambia idanganye. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa masaa 24, kwa hiyo kila nyuzi moja ni dakika nne. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki, na huo mstari haugusi Tanzania popote, unapita Somalia, unapita baharini, unaipitia Madagaska. Mwanza tuko kwenye kama nyuzi 33. Toa, zidisha kwa nne, unapata dakika 48. Dar wako karibu zaidi na huo mstari, jua la utosi linawatangulia sisi kwa dakika kama 25, lakini taarifa ya habari tunasikiliza pamoja na wote tunaambiwa ni saa mbili kamili usiku. Sasa nenda upande mwingine, muulize dereva wa lori anayevuka Rusumo kwenda Rwanda, anatoka kwetu saa nne asubuhi anafika ng'ambo ya daraja ni saa tatu. Mto Kagera ule, unavuka maji tu pale, umerudishiwa saa zima la maisha yako. Na ukirudi wanalichukua.

Nani alipanga? Watu walikaa Washington Oktoba 1884 wakakubaliana dunia nzima ihesabu kuanzia Greenwich, Uingereza. Mwezi uliofuata Novemba wengine wakakaa Berlin kuzungumzia Afrika. Mwaka huohuo, sijui kwa nini shuleni tulifundishwa kikao kimoja tu. Reli yenyewe ilifika Mwanza 1928, na treni ndiyo iliyokuja na ile tabia ya dakika, maana mtumbwi unaondoka upepo ukikubali lakini treni inaondoka saa imegonga (zamani, siyo siku hizi, nisichokozwe).

Wiki ndiyo kichekesho zaidi. Umewahi kuhesabu siku zetu kwa makini? Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, tatu, nne, Jumatano ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano! Tuna siku mbili za tano zimefuatana, hakuna ya sita, na hakuna mtu anayelalamika, mishahara inalipwa, swala zinaswaliwa, misa zinasomwa. Mahesabu mawili tofauti yameshonwa pamoja kama kitenge cha vipande na kinavaliwa vizuri tu. Kwa hiyo wiki ni yetu, saa ni yetu, saa sita ya simu ni ya makubaliano na Madagaska. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua kabisa kwamba muda haupo, ni dhana ya binadamu, nikaona nimekuwa mwanafalsafa.

Na wanafalsafa wenyewe wapo wanaosema hivyo. Kila siku nilikuwa napita njia ya Malimbe kwenye daladala zimejaa wanafunzi wa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na sikuwahi kujiuliza huyo Augustino alikuwa nani. Kumbe ni mwenzetu Mwafrika, askofu wa Hippo, huko Algeria ya leo, miaka 1,600 iliyopita, na jambo moja lililomsumbua ni hilihili. Alikiri kwamba asipoulizwa muda ni nini anajua, akiulizwa aeleze hajui. Akaendelea: jana haipo, imeshapita. Kesho haipo, haijafika. Leo nayo ukiikata kata inabaki nukta isiyo na urefu wowote. Sasa tunapopima "muda mrefu" tunapima nini? Jibu lake likawa tunapima kitu kilicho rohoni mwetu, kumbukumbu ya vilivyopita na matarajio ya vijavyo.

Mwingine Mwingereza, McTaggart, mwaka 1908 akaenda mbali zaidi akasema muda haupo kabisa, na hoja yake ukiileta huku kwetu inaingia vizuri. Chukua daraja la Kigongo na Busisi, lile linalokatiza Ziwa Victoria. Miaka na miaka kufunguliwa kwake kulikuwa "kesho", watu wanaangalia nguzo zinapanda kutoka majini. Juni 2025 kukawa "leo". Sasa hivi ni "jana". Tukio ni lilelile moja, limekuwaje na sifa tatu zinazopingana? Utasema siyo kwa mpigo, ilikuwa kesho kwanza halafu ndiyo ikawa jana. Ee, lakini ukisema "kwanza" na "halafu" umeshautumia muda kueleza muda, ni kama kufunga mbuzi kwenye mkia wa mbuzi mwingine. Nimekaa na hiyo hoja siku mbili nikashindwa kuivunja, ila pia siamini hata kidogo, sijui kama na wewe uko hivyo.

Hilo daraja nalo lina lake. Shangazi yangu yuko Sengerema, na kwa maisha yangu yote kwenda kwa shangazi ilikuwa ni kukaa kwenye foleni ya kivuko, unanunua mahindi ya kuchoma, unanunua na maji, unalala kwenye siti, unaamka bado uko palepale. Leo ni kilomita tatu juu ya maji, gari halijaingia gia vizuri umeshafika. Nilipopita mara ya kwanza nilijikuta nimekosa pa kuweka yale masaa, nilifika kwa shangazi mapema mpaka hajaanza kupika. Ni Augustino tupu, maana foleni ile ilikuwa ndefu humu ndani kuliko kwenye saa.

Ila kilichonigeuza siyo kitabu.

Baba hajui tarehe yake ya kuzaliwa. Tulienda kumwandikisha kitambulisho, kijana wa mezani akamuuliza, "Mzee wangu, umezaliwa tarehe ngapi?" Baba akajibu, "Mwaka ziwa lilipopanda." Kijana akasema, "Mzee shikamoo yako naiheshimu, lakini hapa mashine inataka tarehe." Baba akamwambia, "Basi ipe unayoitaka." Kijana akaandika tarehe moja mwezi wa saba, 1962, na tangu siku hiyo baba ana birthday, anatuma meseji kabisa kutukumbusha. Nilicheka sana wakati ule. Lakini nenda kaangalie kumbukumbu za maji, mvua za 1961 mwishoni, mwaka wa uhuru, zilinyesha vibaya sana na ziwa likapanda kwa zaidi ya mita mbili mpaka kufikia 1964. Bibi alikuwa anasimulia walihamisha nyumba kurudi nyuma huku baba yuko mgongoni. Sasa niambie, tarehe ya kubuni ya kijana wa mezani na "mwaka ziwa lilipopanda", ipi ni ya uongo? Na 2020 maji yaliporudi yakaifikia ile alama ya 1964 na kuipita kidogo, baba alitembea mpaka ufukweni akasimama anaangalia miti imezama, akasema, "Yale yale." Hakuhitaji kalenda.

Watu wa huku ndivyo tulivyo. Mtu atakwambia alioa kabla ya vita vya Kagera, alijenga mwaka wa El Nino, mtoto wake wa kwanza alizaliwa wiki mbili kabla ya meli ya MV Bukoba kuzama. Hilo la mwisho anayelisema huwa anashusha sauti. Ile tarehe 21 Mei 1996 Mwanza nzima iko upande huu au upande ule wa hiyo siku, na hakuna mtu awezaye kuniambia kwamba "kabla" na "baada" ya siku ile ni dhana tu ya binadamu.

Kuna Mkenya mmoja, John Mbiti, padri na mwanafalsafa, aliyechukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akayafanya nadharia, kwamba muda wa Kiafrika una sasa na una zamani isiyo na mwisho, lakini kesho ya mbali karibu haipo kwa sababu halijatokea tukio la kuijaza. Mghana Kwame Gyekye akampinga. Mimi naona Mbiti alipata nusu, muda wa baba kweli umejaa matukio, hauna masaa matupu. Ila hiyo ya kesho hapana. Kiswahili kina kesho, kina kesho kutwa, kina mtondo, kina mtondogoo, mtu asiye na kesho anahitaji mtondogoo ya nini? Na muulize mama mdogo na kikoba chao, riba ya mkopo anaijua mpaka ya msimu wa pamba ujao.

Huyo mama mdogo ndiye aliyenimaliza, ananunua dagaa pale mwaloni na kuanika. Wavuvi wa dagaa hawana Jumatatu wala Jumamosi, wana giza na mbalamwezi. Wakati wa giza wanaingia ziwani na taa, dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukishakua mkubwa taa haina kazi, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, mwalo unanyamaza. Siku 29 na nusu hivi mzunguko umekamilika, na hakuna kikao cha Washington kilichoupanga. Na si ajabu kwamba mwezi wa juu na mwezi wa kalenda ni neno moja, ni letu la Kibantu, kama siku na usiku na jana na juzi, vitu unavyoviona kwa macho. Wakati, saa, dakika, muda, zamani, hivyo vyote vimekuja na jahazi kutoka kwa Waarabu.

Oktoba ya mwaka uliotangulia nilikuwa namsaidia kuanika. Dagaa wa usiku anafika asubuhi anameta kama sindano, unammwaga kwenye kichanja, unamsambaza kwa mkono asilaliane na mwenzake, jua likiwa zuri jioni anakatika ukimkunja. Siku hiyo wingu likatanda kwenye saa sita, siyo mvua, wingu tu, limekaa. Mimi naangalia simu, nasema bado mapema. Mama mdogo haangalii simu. Anachukua dagaa mmoja, anamminya tumbo kwa kidole gumba, ananusa. Anahamia kichanja cha pili anaminya, ananusa. Kwenye kichanja cha tatu akanusa mara mbili halafu akasema, "Hawa wameanza kuondoka." Akamaanisha wameanza kuharibika, lakini ndivyo alivyosema, wameanza kuondoka. Tulipoteza madebe manne, yakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Hapo unaweza kubishana na tiketi, unaweza kubishana na Greenwich, nenda kabishane na dagaa. Hajawahi kutokea dagaa aliyeoza akarudi kuwa mbichi, hata kwa bahati mbaya, hata kwa yule mwenye mali nyingi. Wanafizikia wanalijua hili, wanasema vitu vinaelekea kwenye mvurugiko kwa sababu namna za kuvurugika ni nyingi mno kuliko namna za kukaa sawa, na huo ndio mshale unaotofautisha jana na kesho. Maziwa yakiingia kwenye chai hayatoki. Mimi naona hapo ndipo muda ulipo. Saa ni za kwetu, tunazigawa tunavyotaka, lakini kuondoka siyo kwetu.

Mtu wa fizikia ataniambia ngoja, hata huo mwendo haulingani kila mahali. Ni kweli, na hili linanifurahisha kuliko yote. Newton alidhani muda unatiririka sawasawa ulimwengu mzima, Einstein akaonyesha kwamba ukiwa karibu na kitu kizito muda wako unaenda polepole zaidi. Siyo saa inayoharibika, ni muda wenyewe. Mwaka 1971 walipandisha saa za atomu kwenye ndege za abiria wakazungusha dunia, wakarudi nazo hazilingani na zilizobaki chini, kama hesabu zilivyosema. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita kama 20,200, saa zake zinawahi kila siku kwa sehemu 38 za sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, na zisingerekebishwa ramani ya bodaboda ingekupeleka kilomita nyingi kutoka unakokwenda, ungeagiza chipsi Buhongwa zikafika Misungwi.

Nikapiga hesabu yangu. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, mdogo wangu yuko Mbagala, Dar, karibu na bahari. Inatoka kwamba mimi Igombe nazeeka haraka kuliko yeye kwa sehemu nne za milioni za sekunde kila mwaka. Nilimpigia simu kumwambia. Akasema ndiyo maana una mvi.

Na ukitaka kuona muda mnene zaidi ya wetu njoo tukae kwenye mawe. Haya mawe ya Mwanza, Jiwe la Bismarck na wenzake wote tunaopanda wakati wa kupiga picha, ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa ni mtoto, kama miaka 15,000 iliyopita lilikauka, lilikuwa nyasi, na hao samaki furu wa mamia ya aina waliolijaza baadaye wametokea baada ya hapo. Hakukuwa na binadamu wa kuhesabu yale mawe yakipoa.

Siku ya tatu nikaondoka, alfajiri safari hii. Nilipoenda kuchukua begi uani nilikuta kijiti changu bado kipo na kokoto zangu zimetawanyika. Baba alikuwa amekifungia mbuzi.